Dumuzi Alipataje Jina Lake?

 

Katika mazungumzo yetu ya leo hatutaanza na jembe wala mbolea. Tutaanza na jina. Tutaeleza habari za mdudu mmoja mdogo kuliko punje ya mtama kwa unene, jinsi alivyopewa jina na daktari mmoja huko Marekani, na jinsi jina hilo lilivyokuja kutufaa sisi huku miaka zaidi ya 100 baadaye. Najua wapo watakaouliza, “Jina la mdudu litanisaidia nini mimi, na mahindi yangu yanaliwa?” Swali hilo ni la haki kabisa. Basi tulia kidogo, tulijibu pamoja.

MDUDU MWENYE TAA

Hebu tuanze na mdudu asiyetudhuru. Mvua zikishakolea, ukitoka nje jioni huko Ikungi, Kiomboi au Nduguti, ukatazama upande wa bonde penye majani mabichi, utaona vitaa vidogo vidogo vinawaka na kuzimika. Huyo ni kimulimuli. Watoto humkimbiza, wakamtia kwenye chupa, wakacheza naye hadi usingizi uwachukue.

Kimulimuli yumo katika kundi kubwa la wadudu liitwalo mbawakawa. Mbawakawa ni wadudu wenye mabawa mawili ya juu yaliyo magumu kama gamba, na chini yake mabawa mengine laini ya kurukia. Yule anayeviringisha mavi ya ng'ombe ni mbawakawa. Fukusi wa mahindi ni mbawakawa. Wataalamu wamekwisha kuandika majina ya mbawakawa zaidi ya 350,000 duniani, na kati ya hao vimulimuli peke yao wamezidi 2,000.

Sasa, kimulimuli hawashi taa kwa ajili ya kutupendezesha sisi. Anaita mwenzake. Dume huruka akiwasha na kuzima, jike hujibu akiwa kwenye majani. Na kila aina ya kimulimuli ina namna yake ya kuwasha: wengine mara moja kwa kirefu, wengine upesi upesi. Jike hajibu taa ya wageni. Kwa hiyo taa ile ni kama jina, humwambia mwenzake, “Mimi ni wa ukoo wako.”

Tena kimulimuli angali mchanga, akiwa bado funza, huwinda konokono na kuwala. Wengi wetu tumewahi kumkanyaga funza huyo kwa kumdhania kuwa mwharibifu. Tazama, basi, jinsi kutomjua mdudu kunavyoweza kutufanya tumwue rafiki.

Lakini mdudu tunayemkusudia leo hana taa. Hukaa gizani, ndani ya punje, na kazi yake huifanya kimya kimya mpaka gunia linapokwisha kuwa unga. Huyo ni dumuzi. Naye ni mbawakawa, ila wa ukoo mwingine kabisa, ukoo wa watoboaji wa miti.

MDUDU HUPEWAJE JINA?

Wazee wetu waliwapa wadudu majina tangu zamani, na kila lugha ina yake. Mnyaturu ana lake, Mnyiramba ana lake, Mgogo naye ana lake. Hayo ni majina mazuri na yanatufaa nyumbani. Taabu huanza mdudu anapovuka mipaka. Jina la kijiji kimoja halijulikani katika kijiji cha mbali, na mara nyingine jina moja hutajwa kwa wadudu watatu mbalimbali.

Ndiyo sababu wataalamu wa dunia walikubaliana kufuata utaratibu mmoja. Utaratibu huo unahesabiwa tangu mwaka 1758, ulipotoka mmoja wa vitabu vya Mswidi aitwaye Carl Linnaeus. Kila mnyama na kila mdudu hupewa jina la sehemu mbili kwa mtindo wa Kilatini. Sehemu ya kwanza hutaja ukoo wake wa karibu, kama sisi tunavyosema “wa kwa fulani”. Sehemu ya pili ni yake mwenyewe.

Lakini mtaalamu hawezi kuamka tu asubuhi akasema, “Mdudu huyu nimempa jina.” La, hasha! Kwanza lazima amlinganishe na wadudu wote wanaofanana naye waliokwisha kuandikwa, ahakikishe kuwa hajapata kuandikwa. Pili, aandike sura yake yote: urefu, rangi, papasi zake zina pingili ngapi, mgongo una vinundu au ni laini, mwisho wa mabawa ukoje. Tatu, achapishe maelezo hayo mahali ambapo wengine watayasoma. Na nne, mdudu yule yule aliyeelezwa ahifadhiwe, amechomwa pini na kuwekewa kikaratasi chenye jina la mahali alipopatikana. Mdudu huyo ndiye shahidi. Akitokea mtu miaka 100 baadaye akiwa na mashaka, ataenda kumtazama shahidi huyo.

Utaona, ndugu mkulima, kwamba kazi hiyo haitofautiani sana na kuandikisha shamba. Unapima mipaka, unaandika, na unaweka alama ambayo kila mtu anaweza kurudi kuitazama ugomvi ukizuka.

DAKTARI WA PHILADELPHIA

Huko Marekani, katika mji wa Philadelphia, alikuwako daktari aliyeitwa George Henry Horn. Alizaliwa mwaka 1840. Mchana alitibu wagonjwa, na nafasi yake iliyobaki aliitumia kwa mbawakawa. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani alikuwa daktari wa jeshi katika majimbo ya magharibi, na hata huko alikuwa akikusanya wadudu. Mpaka anafariki mwaka 1897 alikuwa ameeleza na kutaja majina ya mbawakawa zaidi ya 1,500.

Mwaka 1878 Horn alichapisha maandishi juu ya mbawakawa watoboaji wa miti walioko Marekani. Kati yao alikuwamo mdudu mdogo, mweusi-mweusi wa rangi ya kahawa iliyokaangwa, mviringo kama kipande cha kijiti. Horn alimwita Dinoderus truncatus. Mtaalamu wa Kifaransa aitwaye Pierre Lesne alipoupanga upya ukoo huo mwishoni mwa karne ya 19, alimtoa mdudu huyo katika kundi la Dinoderus akamtia katika kundi jipya. Tangu hapo anaitwa Prostephanus truncatus, na jina la Horn huandikwa pembeni, ndani ya mabano, kuonyesha kuwa yeye ndiye aliyemtaja kwanza ingawa ukoo umebadilishwa.

Sasa angalia neno hilo la pili, truncatus. Maana yake ni “aliyekatwa”. Horn alimwita hivyo kwa sababu ukimtazama mdudu huyu kwa nyuma, mgongo wake hauteremki taratibu kama wa wadudu wengine. Unakwisha ghafla, bapa, kama gogo lililokatwa kwa msumeno. Kwa hiyo jina lenyewe linakuambia pa kutazama. Jina hilo lilikaa kwenye vitabu zaidi ya miaka 100 kabla ya mkulima wa Tanzania kulihitaji.

Kwao dumuzi ni Meksiko na nchi za Amerika ya Kati, huko huko mahindi yalikotoka. Kule alikuwa akila mahindi ya wakulima tangu zamani, lakini hakuwa tishio kubwa kama alivyokuja kuwa huku. Sababu yake tutaifikia.

MKOANI TABORA, 1981

Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakulima wa Mkoa wa Tabora, hasa upande wa Urambo, waliona jambo ambalo hawakuwa wamelizoea. Fukusi walikuwa wanamfahamu. Fukusi akiingia, punje huwa na matundu, na mtu huweza kupepeta, akachagua, akala. Huyu mpya hakuacha kitu cha kuchagua. Ulikuwa ukiinua gunzi kutoka darini unaliona jepesi kama pamba, na ukiligonga linamwaga unga mweupe. Si unga wa kupikia ugali, bali ni vumbi lililochanganyika na kinyesi cha wadudu.

Wakulima ndio waliomwona kwanza, na wao ndio waliompa jina la kwanza hapa kwetu: dumuzi. Wengine wakamwita Scania, kama yale malori makubwa ya mizigo. Inaaminika kwamba aliingia nchini pamoja na mahindi yaliyoagizwa kutoka ng'ambo katika miaka hiyo ya upungufu wa chakula.

Mwanzoni haikuwa rahisi kumtambua. Hapa nchini tulikuwa na ndugu yake mdogo, mtoboaji mwingine wa nafaka ambaye wataalamu humwita Rhyzopertha dominica. Wote wawili ni weusi-weusi, wote ni mviringo, na wote huinamisha kichwa chini ya kifua kama mtu aliyejifunika kofia, hata ukimtazama kwa juu huoni kichwa. Mtu mwenye haraka angesema, “Ah, huyu ni yule yule wa siku zote.”

Lakini walipowekwa kwenye kioo cha kukuzia, tofauti zilionekana. Yule wa zamani ana urefu wa milimita 2 hadi 3, na nyuma yake ni mviringo. Huyu mpya alikuwa na milimita 3 hadi 4, na nyuma alikuwa bapa, amekatwa. Truncatus! Alama aliyoiandika daktari wa Philadelphia mwaka 1878 ilikuwapo mgongoni mwa mdudu aliyetoka kwenye kihenge cha Tabora. Mwaka 1981 Dunstan na Magazini walichapisha taarifa katika jarida la Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, kwamba mdudu huyo ameonekana Tanzania akishambulia chakula kilichohifadhiwa.

JINA LILIFUNGUA JALADA

Sasa tulijibu lile swali la mwanzo. Jina lilisaidia nini?

Kwanza, lilifungua jalada. Maadamu jina lilipatikana, yote yaliyokwisha kuandikwa juu ya mdudu huyo katika nchi nyingine yaliweza kusomwa. Ikajulikana anakotoka, anapenda nini na anaishi vipi. Ikajulikana kuwa anastahimili ukavu: hata mahindi yaliyokaushwa mpaka yakabakiwa na unyevu wa asilimia 9, bado anaweza kuzaliana ndani yake. Ikajulikana kuwa penye joto na unyevu wa kumfaa, yai huweza kuwa mdudu kamili katika muda wa siku 25 hivi. Hesabu mwenyewe: kutoka mavuno mpaka njaa ya Januari ni vizazi vingapi?

Pili, ilifahamika kwa nini anapenda mahindi yaliyo bado kwenye magunzi. Huyu ni mtoboaji wa miti kwa asili. Fundi seremala hawezi kutoboa ubao unaoyumba. Lazima aukaze kwanza. Dumuzi naye ni hivyo. Punje iliyoshikwa na gunzi haichezi, kwa hiyo hupata pa kukazia akatoboa. Punje iliyopukuchuliwa, iliyo huru ndani ya gunia, humponyoka. Na sisi desturi yetu ilikuwa kuweka mahindi juu ya dari au kwenye kichanja yakiwa na magunzi yake, mara nyingine na maganda yake. Basi tulikuwa tumemtandikia kitanda bila kujua.

Tatu, na hili ndilo kubwa, jina lilituonyesha dawa. Wakati ule dawa ya unga iliyokuwa ikipendekezwa kwa fukusi ilikuwa na kiini kiitwacho pirimifosi-methili. Fukusi hufa kwa dawa hiyo, lakini dumuzi huivumilia sana. Dawa inayomweza dumuzi ni ya jamii nyingine, permethrini. Nayo hiyo permethrini si kali sana kwa fukusi. Kwa hiyo mkulima aliyedhani ana fukusi tu, akanunua dawa ya fukusi, alitupa fedha yake na mahindi akayapoteza. Si kwamba alikuwa mvivu, wala si kwamba dawa ilikuwa mbovu. Jina ndilo lililokosewa. Baadaye ikatengenezwa dawa ya unga yenye viini vyote viwili pamoja, ili mmoja apambane na fukusi na mwingine apambane na dumuzi. Wakulima wengi wameifahamu kwa jina la Actellic Super.

Na hasara tunayoizungumzia haikuwa ndogo. Vipimo vilivyofanywa kwenye maghala ya wakulima hapa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980 vilionyesha kuwa mahindi huweza kupoteza hadi asilimia 34 ya uzito wake katika miezi 3 hadi 6. Maana yake katika kila magunia 3 dumuzi anakula 1. Kwa mihogo mikavu ni vibaya zaidi: katika miezi 4 huweza kuangamiza zaidi ya nusu ya uzito.

Naye hakukaa Tabora. Mwaka 1983 alionekana Taveta, nchini Kenya, ng'ambo tu ya mpaka wetu wa kaskazini. Mwaka 1984 akaonekana Togo, mbali kabisa huko Afrika ya Magharibi. Leo yuko katika nchi nyingi za Afrika. Mdudu wa milimita 4 haendi umbali huo wote kwa mabawa peke yake. Amepanda magunia yetu, malori yetu na mabehewa yetu.

ADUI WA ADUI YETU

Tulisema kwamba kule kwao Meksiko dumuzi hakuwa tishio kubwa kama huku. Wataalamu walijiuliza kwa nini, wakaenda kumtafuta nyumbani kwake. Huko wakamkuta mbawakawa mwingine mdogo, mweusi, aliyepewa jina na Mwingereza Lewis mwaka 1891. Anaitwa Teretrius nigrescens. Huyo hali mahindi kama chakula chake. Anamfuata dumuzi ndani ya matundu yake, akala mayai na watoto wake.

Na anamfuataje gizani? Hapa tukumbuke kimulimuli. Kimulimuli huita kwa taa, lakini dumuzi huita kwa harufu. Dume akipata chakula kizuri hutoa harufu ambayo pua zetu haziisikii, na wenzake, madume na majike, huja. Basi yule adui yake amejifunza kuifuata harufu hiyo hiyo. Wataalamu nao wakaitengeneza harufu hiyo kwa madawa, wakaitia kwenye mitego. Kwa mitego hiyo waliweza kujua dumuzi amefika wapi hata kabla ya mkulima kuona unga mweupe ghalani.

Baada ya kupimwa kwanza kwa uangalifu, ili tusije tukaleta balaa jingine, mdudu huyo rafiki aliachiliwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992, na baadaye katika nchi nyingine, Tanzania ikiwamo. Amesaidia mahali pengi, lakini hakulimaliza tatizo. Mitego iliyowekwa Kenya ilimnasa dumuzi hata porini, mbali na mashamba, kwa maana bado anaweza kuishi na kuzaliana kwenye miti mikavu kama mababu zake. Kwa hiyo hata tungesafisha maghala yote kwa siku moja, wengine wangetoka porini wakarudi. Hatuwezi kumfukuza nchini. Tunachoweza ni kumnyima nafasi nyumbani kwetu.

NA SISI WA SINGIDA?

Mkulima wa Singida, wewe ni jirani wa Tabora. Reli ya Kati inapita kwako Manyoni na Itigi kabla haijafika kule. Barabara ya Shelui inateremka mlima wa Sekenke, inavuka kwenda Igunga na Nzega. Mapori ya Itigi na Manyoni yana miti mikavu tele. Njia zote hizo anazo.

Lakini unayo silaha moja ambayo wengine hawana. Mtama na uwele, mazao ya asili ya nchi yako kavu, dumuzi hayapendi kama mahindi. Punje zake ni ndogo, na hazaliani vizuri ndani yake. Wazee waliojaza mtama na uwele kwenye vilindo vya magome ya miti hawakuwa wajinga. Nyumba yenye mahindi peke yake ikivamiwa, imekwisha. Nyumba yenye mahindi, mtama na uwele ina pa kukimbilia. Kwa hiyo usiuache mtama kwa sababu tu mahindi yana bei mjini.

Kwa mahindi, fanya hivi. Vuna mara yanapokauka, usiyaache shambani yakasimama, kwa maana dumuzi huanza kuingia huko huko. Yaanike yakauke sawasawa. Yapukuchue, usiyaweke na magunzi. Pepeta vizuri. Safisha ghala au kihenge, na mabaki ya mwaka jana usiyachanganye na mavuno mapya. Tazama nguzo na fito za ghala: zikiwa na matundu yanayomwaga vumbi, zibadilishe, kwa maana huenda mwenyeji amejificha humo.

Kisha changanya mahindi na dawa iliyoruhusiwa kwa nafaka ya chakula, yenye kiini cha kumweza dumuzi. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, wala usizidishe kwa kusema “ili afe kabisa”. Usitumie kamwe dawa ya pamba au ya tumbaku kwenye chakula. Na usiyale mahindi hayo kabla ya siku zilizoandikwa kwisha. Asiyetaka dawa, siku hizi iko mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Ukiifunga vizuri, wadudu waliomo hukosa pumzi wakafa. Ila mahindi yawe makavu kweli, na mfuko usiwe na tundu hata la sindano.

MTIE KWENYE CHUPA

Ndugu mkulima, usidhani habari hizi zimekwisha mwaka 1981. Mwaka 2016 kiwavi mwingine kutoka Amerika alionekana Afrika, na mwaka 2017 akathibitishwa hapa Tanzania. Tunamwita kiwavijeshi vamizi. Wengi walimdhania kuwa ni viwavijeshi wetu wa zamani, wale wanaokuja kwa makundi baada ya mvua. Kumbe sivyo, huyu wa sasa alipewa jina lake la kitaalamu mwaka 1797, na namna ya kumkabili ni tofauti. Mambo yakawa yale yale ya dumuzi: mgeni kafika, tukamwita kwa jina la mwenyeji, tukapoteza wakati.

Kwa hiyo naomba jambo moja. Siku utakapoona mdudu ambaye humjui, ghalani au shambani, usimfikiche tu kwa kidole ukamtupa. Chukua wadudu kama 10, uwatie kwenye chupa ndogo iliyo safi na kavu pamoja na punje chache walizozila, ukazibe kizibo. Andika kikaratasi: kijiji gani, tarehe gani, zao gani, na umeona nini. Mpelekee bwana shamba wako, ambaye siku hizi tunamwita afisa ugani. Akisema, “Huyu ni wa kawaida,” mwambie kwa heshima, “Basi, naomba tumtazame nyuma yake pamoja.”

Kikaratasi kile chenye jina la kijiji na tarehe ni cha namna ile ile ambayo Daktari Horn na wenzake waliitia chini ya wadudu wao. Wakulima wa Tabora hawakuwa na kioo cha kukuzia, wala hawakusoma Kilatini. Lakini waliangalia mahindi yao kwa makini, wakasema kwa sauti kwamba huyu si fukusi, ni mwingine. Bila wao, vitabu vingeendelea kukaa rafuni na dumuzi angeendelea kula akiitwa jina la mwenzake.

Basi, jioni ya leo watoto wakileta kimulimuli kwenye chupa, mtazameni pamoja kabla hamjamwachia. Waonyesheni mabawa yake magumu, kisha chukueni gunzi moja la zamani mlitikise juu ya sinia. Akianguka mdudu mweusi-mweusi, mgeuzeni mumtazame nyuma. Akiwa bapa kama gogo lililokatwa, mnamjua ni nani, na kazi ya kupukuchua ianze kesho asubuhi.

Kwaherini, na mavuno mema.